Dawa Iliyomfuata Mtoto: Zaidi ya Karne ya Zahanati, Skuli na Maabara Kisiwani Pemba

Mwaka 1986 Wizara ya Afya ya Zanzibar, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani (WHO), ilipoanza kuuwinda ugonjwa wa kichocho kisiwani Pemba, haikuanzia hospitali. Iliingia skuli. Watoto waligawiwa vichupa, wakatoa mkojo, na mkojo ule ukatazamwa kwanza kwa macho matupu: una wekundu au hauna? Kisha kikachovywa kijiti cha kupimia damu isiyoonekana. Hapakuhitajika umeme wala mashine ya gharama, na mhudumu wa kawaida wa kituo cha kijiji angeweza kufundishwa kazi hiyo kwa muda mfupi. Zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikutwa na ugonjwa.

Pemba ni kisiwa cha vilima vilivyobanana. Baina ya kilima na kilima pana bonde la mpunga, kijito au ziwa dogo, na humo ndimo akina mama wanamofua, watoto wanamoogelea na wavulana wanamokojoa. Humo pia anaishi konokono wa jamii ya Bulinus. Yai la kichocho likitoka na mkojo na kuangukia majini huanguliwa, kijidudu chake kikaingia ndani ya konokono, kikakulia humo, kikatoka kikiwa tayari kutoboa ngozi ya mtoto mwingine. Kwa kuwa karibu kila mvulana alipita njia hiyo, kukojoa damu kulizoeleka, kukahesabiwa kuwa sehemu ya kukua. Ugonjwa uliozoeleka hivyo haumtoi mtu nyumbani kwenda kwa daktari. Ama ufuatwe ulipo, ama uachwe uendelee.

Nikiipitia historia ya huduma za afya kwa watoto na vijana wa kisiwa hiki, naliona jambo hilo likijirudia kwa zaidi ya miaka mia. Kila huduma ilipotoka mjini na kumfuata mtoto skuli, shehiani au nyumbani kwao, ilizaa matunda ambayo dunia nzima imeyala. Kila ilipojifungia ndani ya jengo na kusubiri, ilimkosa yule yule aliyeihitaji zaidi. Na kuna kundi moja, la vijana waliokwisha kubalehe, ambalo lilisahaulika kwa muda mrefu mno.

Kabla ya daktari wa kwanza wa serikali, Pemba haikuwa kisiwa kisicho na tiba. Sifa ya waganga wake ilivuka bahari. Watu walitoka Mombasa, Tanga na mbali zaidi kuja kutafuta dawa. Mwalimu wa chuo alimwandikia mtoto kombe, aya za Qurani kwa wino wa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Mkunga alikuwapo kila kijiji, akaitwa usiku wa manane, akalipwa baadaye kwa kuku au kwa pishi ya mpunga. Tiba hiyo haikuweza kumtoa mtoto minyoo ya safura wala kumkinga na ndui. Lakini ilikuwa karibu, ilijua jina la mama wa mtoto, na haikumfukuza asiye na fedha. Zahanati zilizokuja baadaye zilipimwa na wananchi kwa mizani hiyo, na nyingi zilipungukiwa.

Historia ya huduma mpya inaanza na karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na kuanzia hapo Pemba ikawa shamba kuu la karafuu la dunia. Mikono iliyopanda, kupalilia na kuchuma ilikuwa ya watumwa, wengi wao wakiwa wametekwa wakiwa wadogo huko bara na kuvushwa kwa majahazi. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta utumwa. Mwaka huo huo Wakristo wa madhehebu ya Quaker kutoka Uingereza walifika Pemba, na baada ya muda wakanunua shamba la Banani, karibu na Chake Chake, wakaliendesha kwa kazi ya ujira na kuwapokea waliokuwa watumwa. Makamu wa balozi wa Uingereza kisiwani wakati ule, O'Sullivan-Beare, alikuwa daktari kwa taaluma, na kazi ya kusimamia maombi ya uhuru ilikabidhiwa J. P. Farler, padri aliyekuwa mmisionari Usambara. Kwa hiyo wageni wa mwanzo waliojishughulisha na watu wanyonge wa Pemba walikuwa mchanganyiko wa wamisionari na maofisa, na kijana dhaifu wa zama hizo alikuwa mtoto wa mtumwa: hana ukoo, hana ardhi, anamiliki mwili wake tu.

Banani haikuwa kubwa, na sitaki kuikuza. Wapemba wengi walikuwa Waislamu na hawakuwa na haja ya misheni. Ila iliacha wazo lililokuja kurudi baadaye kwa sura nyingine, kwamba mtoto asiye na mtu anahitaji mahali pamoja patakapomlisha, kumfundisha na kumtibu.

Serikali ya kikoloni iliweka hospitali zake Wete, Chake Chake na Mkoani, miji ile ile mitatu yenye ofisi za serikali na magati ya kupakilia karafuu. Mtoto wa Kojani, kisiwa kidogo cha wavuvi upande wa mashariki, alipaswa kuvushwa kwa mashua, kisha kubebwa. Mtoto wa Micheweni, katika ardhi ya mawe ya kaskazini isiyostawisha mikarafuu, alikuwa mbali na mji na mbali na fedha. Ramani ya karafuu iligeuka ramani ya tiba, na alama zake zingali zinaonekana. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2004/05 uliitaja Micheweni kuwa wilaya maskini kuliko zote Zanzibar.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili masharti. Serikali mpya ilitangaza matibabu na elimu bila malipo, na kwa familia za wachumaji na wavuvi hiyo haikuwa siasa ya maneno matupu. Mama aliingia hospitali bila kuulizwa senti. Wakati huo huo madaktari wengi waliokuwapo waliondoka visiwani. Pengo hilo lilizibwa na wageni wa namna nyingine. Timu ya kwanza ya madaktari wa China iliwasili Zanzibar mwaka 1964, wakitoka mkoa wa Jiangsu, na tangu hapo mkoa huo umeendelea kutuma timu moja baada ya nyingine. Mkoani, kusini mwa Pemba, ndiko waliko madaktari hao, katika hospitali inayoitwa Abdalla Mzee, ambayo ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa na Rais Ali Mohamed Shein Novemba 2016.

Chini ya hospitali hizo vilienea vituo vya afya vya vijiji, pamoja na hospitali ndogo za Micheweni na Vitongoji. Kufikia mwisho wa karne Zanzibar iliweza kusema kwamba karibu watu wake wote wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya. Ni jambo la kujivunia. Nchi nyingi zenye fedha zaidi hazijafika hapo. Lakini kilomita 5 hupima umbali wa jengo. Hazielezi kama rafuni mna dawa, kama muuguzi yupo alasiri, wala kama msichana wa miaka 16 anathubutu kukaa kwenye benchi lile lile analokaa shangazi yake.

Ndipo ikaja miaka ya kichocho na skuli. Mmoja wa madaktari walioongoza kazi ile alikuwa Mwitaliano Lorenzo Savioli, ambaye baadaye alikuja kuiongoza idara ya WHO ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Dawa yenyewe, prazikwanteli, hutolewa kwa mara moja, na dozi yake hutegemea uzito. Mizani ikiwa haipo, mtoto husimamishwa mbele ya ufito uliochorwa alama, na urefu wake unaonyesha idadi ya vidonge. Mwalimu akafundishwa kuitoa. Kwa hatua hiyo moja, mtu ambaye wazazi walimkabidhi mtoto kila asubuhi akawa mhudumu wa afya pia.

Nyuma ya kichocho ilijitokeza minyoo ya tumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchunguzi wa kinyesi cha watoto wa skuli Pemba ulionyesha kuwa zaidi ya watoto 9 katika kila 10 walikuwa na minyoo ya safura, na idadi kama hiyo walikuwa na minyoo ya mjeledi. Minyoo ya safura hunyonya damu kidogo kidogo. Mtoto haanguki wala hapatwi na degedege. Anapauka viganja, anachoka kupanda kilima, anasinzia darasani, na mwalimu anamwita mvivu. Mwaka 1994 Zanzibar ilianza mpango wa kuwapa watoto wa skuli dawa ya mebendazo, na watafiti akina Marco Albonico, Hababu Chwaya na Rebecca Stoltzfus wakaufuatilia katika skuli 12 za Pemba: nyingine zilipewa dawa mara mbili kwa mwaka, nyingine mara tatu, na nyingine zikasubiri zamu yao.

Matokeo hayakuwa ya kushangiliwa tu, na hapo ndipo ninapowaheshimu waliofanya kazi ile. Watoto waliongezeka uzito na kimo kidogo tu. Upungufu mkali wa damu ulipungua. Lakini minyoo ilirudi, kwa sababu udongo na vyoo vilikuwa vile vile. Na baada ya miaka ya kutumia dawa moja, kipimo kilichochapishwa 2003 kilionyesha kwamba nguvu ya mebendazo dhidi ya safura Pemba ilikuwa imefifia. Onyo hilo lilitoka kwa watoto wa kisiwa hiki na likasomwa kote duniani. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikuwa umeazimia kuwafikishia dawa za minyoo angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa skuli walio hatarini ifikapo 2010, na sehemu ya ushahidi uliojenga azimio lile ilikuwa imekusanywa katika madarasa ya Pemba. Mwaka 2014 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa Pemba: dawa ya zamani ya oxantel, ikichanganywa na albendazo, iliwaponya minyoo ya mjeledi karibu watoto 3 katika kila 10, wakati albendazo peke yake haikufika mtoto 1 katika 10. Ni ushindi mdogo, ila ulipatikana dhidi ya mdudu ambaye dawa za kawaida zilikuwa zimemshindwa.

Kazi kama hiyo haikuweza kuendelea kwa darubini mbili za kuazima. Ivo de Carneri, profesa wa Kiitaliano wa elimu ya vimelea, aliipenda Pemba katika miaka yake ya mwisho na kutamani ijengwe maabara huko huko kwenye ugonjwa. Alifariki 1993. Mwaka uliofuata familia na marafiki zake wakaunda mfuko kwa jina lake, na mwaka 2000 Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ikafunguliwa Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kama taasisi ya Wizara ya Afya. Kwa vijana wa Pemba waliosoma sayansi lilikuwa jambo geni: kazi ya utafiti wa hali ya juu bila kuhama kisiwa. Wapemba waliojiunga nayo wakiwa mafundi wa kusoma vioo vya darubini walikuja kusoma zaidi, wakaandika makala za kisayansi, wakaongoza miradi na maabara yenyewe.

Mwaka wa kwanza wa maabara hiyo uliangukia katika kipindi kigumu. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani Zanzibar, na waliouawa wengi walikuwa Pemba. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika kuwa watu wasiopungua 35 waliuawa, likaeleza pia habari za majeruhi waliozuiwa au walioogopa kufika hospitali. Watu wapatao 2,000 walivuka mkondo hadi Shimoni nchini Kenya, wamo wanawake na watoto. Imani ya mwananchi kwa jengo lenye bendera ya serikali ilikuwa imejeruhiwa vibaya.

Mwaka huo huo, Oktoba, serikali ile ile iliomba kila nyumba ya Unguja na Pemba imeze vidonge vya kuzuia matende na mabusha. Chama tawala cha CCM na chama cha upinzani cha CUF vilikuwa vimetia saini Muafaka wa kumaliza uhasama wao tarehe 10 mwezi huo. Zanzibar ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kugawa dawa hizo kwa eneo lake lote kwa mpigo, na zaidi ya watu 7 katika kila 10 walizimeza. Kwa nini Mpemba aliyemwogopa askari Januari alipokea kidonge cha serikali Oktoba? Jibu langu ni kwamba hakukipokea kutoka kwa serikali. Wagawaji walikuwa watu wa mtaa wenyewe, kila mmoja akipewa kaya chache za kuzungukia, na aliyebisha hodi alikuwa mtoto wa fulani, anayejulikana anaswali msikiti gani. Hakuna tangazo la redio lingeweza kufanya kazi hiyo.

Sasa nifike kwenye jaribio ambalo kila mwanafunzi wa lishe duniani hulisoma, na ambalo Wapemba wachache wameelezwa sawasawa. Kwa miaka mingi ushauri wa kimataifa ulikuwa kuwapa watoto wadogo wa nchi zenye upungufu wa damu vidonge vya madini ya chuma, bila kuwapima mmoja mmoja. Pemba ilikuwa na upungufu wa damu, na wakati ule ilikuwa na malaria nyingi mwaka mzima. Kuanzia Januari 2002 timu ya Sunil Sazawal na Robert Black wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na maabara ya Wawi, iliwaandikisha watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Wengine walipewa chuma na foliki, wengine pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa. Wagawaji walitembea nyumba kwa nyumba wiki baada ya wiki.

Agosti 2003 kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu iliagiza makundi ya chuma yasimamishwe. Watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko wenzao. Malaria ilikuwa kiini cha tatizo. Na kulikuwa na jambo la pili la kutiliwa maanani: katika kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliopungukiwa chuma kweli walifaidika nacho. Madhara yaliwalenga wasiokihitaji. Makala ilitoka katika jarida la Lancet mwanzoni mwa 2006, na mwaka huo huo WHO ikaitisha wataalamu Lyon, Ufaransa, ikabadili ushauri wake kwa maeneo yenye malaria: asipewe kila mtoto ovyo, apimwe, na malaria yake ishughulikiwe.

Mamilioni ya watoto wa Afrika na Asia wamekingwa na ushauri huo mpya. Ulilipiwa na watoto wa vijiji vya Pemba. Sisemi kwamba jaribio lile lilifanywa kwa nia mbaya. Lilikuwa na kamati ya usalama, na kamati ilifanya kazi yake. Nasema kwamba deni la namna hii linastahili kutajwa kwa jina, katika vitabu vya skuli za Zanzibar kwanza, na lilipwe kwa vitu vinavyoshikika: damu ipimwe katika kila kituo, dawa isikosekane rafuni. Malaria yenyewe ilirudi nyuma haraka. Dawa za mseto zilianza kutolewa bure 2003, vyandarua na upuliziaji majumbani vikafuata, na ndani ya miaka michache kiwango cha maambukizi Zanzibar kikashuka chini ya asilimia 1 sehemu nyingi.

Mwanzoni mwa 2009 ikaja chanjo ya kipindupindu ya kunywa, iliyotolewa kwa dozi mbili katika shehia zenye hatari za Unguja na Pemba. Kati ya watu 48,178 waliolengwa, 23,921 walimaliza dozi zote mbili, na kinga ilifikia asilimia 79. Hata majirani ambao hawakuchanjwa walipata afueni. Chanjo za namna hiyo zilikuja kuwa silaha ya kawaida ya dunia dhidi ya kipindupindu.

Mtoto wa Pemba, kwa hiyo, kuanzia mwezi mmoja hadi darasa la saba, alikuwa na watu wa kumfuata. Akishatoka hapo?

Mwaka 1985 Zanzibar ilitunga sheria ya kuwalinda wari na wajane ambayo, licha ya jina lake, ilimweka hatarini kwenda jela msichana asiyeolewa aliyepata mimba. Ilidumu miaka 20, hadi ilipofutwa na sheria ya 2005 iliyoweka adhabu za kutumikia jamii. Wataalamu wa afya hawapaswi kuisahau sheria hiyo wanapouliza kwa nini wasichana hawaji kliniki. Kwa kizazi kizima, mlango wa kliniki ya wajawazito ungeweza kuwa mlango wa mahakama. Mwaka mmoja baada ya sheria hiyo kutungwa, 1986, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Zanzibar. Kiwango cha maambukizi kimebaki chini ya asilimia 1 ya watu wazima, jambo lililoleta faraja, ila limewafanya wanaoishi na virusi kuwa wachache na rahisi kunyooshewa kidole. Chama chao, ZAPHA+, kilianzishwa 1994. Katika kisiwa ambamo kila mtu ni jamaa wa mtu, kuonekana ukichukua dawa fulani dirisha fulani ni habari itakayofika nyumbani kabla yako.

Kichocho nacho kina sura ya pili kwa wasichana. Mayai yake hukwama pia katika viungo vya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na kutokwa na damu, na vidonda hivyo vinarahisisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Dalili zinafanana na za magonjwa ya zinaa. Msichana aliyeogelea utotoni anaweza kukaa na ugonjwa wa ziwani miaka mingi huku akiogopa kudhaniwa mengine.

Kuna pia hatari zinazotokana na riziki ya kisiwa. Msimu wa karafuu ukifika, vijana hupanda mikarafuu mirefu, na kila msimu wapo wanaoanguka na kuvunjika mgongo. Shirika la serikali linalonunua karafuu, ZSTC, lilifikia hatua ya kuweka fidia kwa wachumaji wanaoanguka. Wavuvi wa Kojani nao huenda dago, kambi za uvuvi za miezi kadhaa mbali na kwao, na wavulana huacha skuli kuwafuata baba zao. Kijana aliye dago hayumo kwenye daftari la mwalimu, kwa hiyo hayumo kwenye orodha ya dawa wala chanjo. Programu nzuri kabisa ya skuli humkosa huyo, na huyo ndiye anayelala kwenye turubai ufukweni, akikutana na bangi na unga mapema. Zanzibar ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga huo, mwaka 2015, lakini ilianzia Unguja.

Ukurasa mpya ulifunguliwa na takwimu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa 2009 na kutolewa 2011 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Zanzibar, asilimia 6.2 ya wanawake na asilimia 9.3 ya wanaume walieleza kuwa walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Namba ya wavulana kuzidi ya wasichana iliwashtua wengi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiuliza habari za wavulana. Mwaka 2011 Baraza la Wawakilishi likapitisha Sheria ya Mtoto namba 6, na kituo cha kwanza cha Mkono kwa Mkono kikafunguliwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Vituo hivyo vikafika Pemba, katika hospitali za wilaya, Chake Chake ikiwa mojawapo.

Kwa mtazamo wangu, Mkono kwa Mkono ndiyo huduma ya kwanza Pemba iliyobuniwa hasa kwa kijana aliye katika shida. Zamani mtoto aliyebakwa alianzia kituo cha polisi, akaandikiwa fomu, akapelekwa hospitali kusubiri foleni, akarudishwa polisi, kisha ustawi wa jamii, na kila mahali akasimulia upya mbele ya mtu mpya. Hapa daktari, mshauri nasaha, ofisa wa ustawi wa jamii na polisi wanamkuta mahali pamoja. Anatibiwa, anapewa dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI, ambazo hazifai kitu zikianza baada ya saa 72, na ushahidi unachukuliwa kabla haujapotea. Wanaharakati wa chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, tawi la Pemba, na wenzao wamekuwa wakizunguka shehia kwa shehia kuwaeleza wazazi kwamba mtoto asioshwe kwanza.

Panapokwama ni baada ya hapo. Daktari amemaliza kazi yake siku ya kwanza. Kisha wazee wa pande mbili wanakutana barazani, mtuhumiwa ni binamu, ami au jirani, na watu wanaoneana muhali. Wanakubaliana fedha, au ndoa, na shahidi aliyepaswa kufika mahakamani anasafirishwa kwa jamaa Unguja au Tanga. Serikali ilijibu kwa sheria kali zaidi za mwaka 2018 na kwa mahakama maalumu za udhalilishaji chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Mahakama zimesaidia. Lakini zinamfika yule tu ambaye familia yake imekubali kuendelea.

Skuli ilipotumika tena kwa vijana, ilifaulu tena. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kutoa chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi kwa wasichana wa miaka 14, na sehemu kubwa ilitolewa kwenye madarasa. Kwa watoto wachanga, Zanzibar ilijenga mpango wa Jamii ni Afya, ambamo wahudumu wa kujitolea wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu yenye maswali yaliyopangwa kuhusu ujauzito, kunyonyesha na uzito wa mtoto chini ya miaka mitano. Ni wale wale wa vidonge vya matende kwa sura mpya: jirani anayebisha hodi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba, kutoka 406,848 miaka kumi kabla, na ongezeko hilo kubwa ni la watoto na vijana. Hospitali mpya za wilaya zimejengwa. Lakini katika nyumba anayopita mhudumu mwenye simu, kijana wa miaka 15 amekaa kibarazani, na orodha ya maswali ilianza bila swali lake. Hilo lingeweza kurekebishwa bila kumwaga saruji: aongezewe maswali, apewe mhudumu wa rika lake asiye wa ukoo wake, kituo cha kijiji kibaki wazi baada ya Alasiri siku mbili kwa wiki skuli na chuo vinapotoka, na mashua moja iandamane na dago la Kojani ikiwa na muuguzi ndani yake.